Leo hatuondoki

MINOVA, Kalehe – Picha ilifika kwenye simu ya mama siku ya Jumapili, wakati watu wanatoka kanisani. Mwana wake mkubwa, anayeishi Kanada tangu miaka 11, amesimama ndani ya mashua nyeupe yenye tanga. Amevaa jile nyekundu. Nyuma yake ni maji ya buluu mpaka pale macho yanapoishia. Anacheka. Chini ya picha ameandika maneno mawili tu: "Mama, nimepanda."

Mama hakujibu siku ile. Hakujibu siku ya pili. Siku ya tatu alimwomba mjukuu wake amshikie simu, akatuma sauti: "Papa, nimeona picha. Niambie vizuri nisikie. Ninyi huko munalipa franga ili mupande mashua?"

Mtu wa Minova hawezi kucheka ulizo hilo. Tangu mwezi wa pili 2024, vita vilipofunga barabara ya Sake, aliyetaka kufika Goma alibaki na njia moja: ziwa. Wakati huo mama alikuwa mhami katika kambi ya Bulengo, kando ya Goma. Binti yake alibaki Minova na mtoto, kwa sababu mtu alipaswa kuangalia shamba. Kila baada ya juma moja ao mawili alipanda boti na ndizi na maharagi, akauza Kituku, akamwachia mama yake chakula, akarudi.

Tarehe 3 Oktoba 2024, boti iliyotoka Minova, iliyojaa kupita kipimo chake, ilizama ikiwa tayari inaonekana kutoka bandari ya Kituku. Makumi ya watu walikufa. Mama alikuwa amesimama kwenye ufuko, anangojea. Aliona kwa macho yake. Binti yake hakurudi. Na siku zilizofuata, kila familia iliuliza ulizo lilelile: walikuwa wangapi ndani? Hapakuwa na hesabu ya hakika ya kuwajibu.

Mwana alipata habari kwa simu, usiku, akiwa kazini katika kiwanda cha mikate huko Québec. Alivua kofia ya kazi, akaketi juu ya gunia la unga mpaka asubuhi. Tangu siku hiyo aliapa kwamba mguu wake hautakanyaga tena mashua yoyote. Hata kivuko kidogo cha mtoni, kinachobeba magari, alikikataa. Alikuwa anazunguka kwa daraja la mbali.

Lakini mpango wa safari ulikuwa umeanza mbele ya msiba. Kuna Mkanada mzee, fundi wa umeme pale kiwandani, aliyempokea katika baridi yake ya kwanza na kumfundisha kuendesha gari juu ya barafu. Mzee huyo alikuwa anakaribia kuacha kazi, na tangu ujana wake alikuwa na ndoto moja: kuzunguka visiwa vya Karibiani kwa mashua ya matanga pamoja na marafiki. Wakajiunga sita: mzee mwenyewe, ndugu wawili wa Haiti, Mrundi mmoja na mke wake ambaye ni muuguzi, na kijana wa Minova. Walifanya kama likelemba. Kila mwezi kila mtu aliweka kitu, kwa muda wa miaka miwili.

Huko Karibiani kukodi mashua ni biashara kubwa. Watu wanaichukua kwa juma moja, wanalala ndani, wanapika ndani, wanahama kutoka ghuba moja hadi nyingine. Mwenye ujuzi wa kuendesha anaweza kuichukua peke yake. Asiye nao analipa nahodha wa pale anayejua miamba na upepo. Bei ni kubwa, lakini watu sita wakigawana, hata mfanyakazi wa kiwanda anaweza kufika. Wao walichagua taifa la Antigua na Barbuda, wakakodi mashua ya mita 12 pamoja na nahodha.

Mwezi mmoja mbele ya safari, kijana wa Minova alimwendea mzee akamwambia kwamba anajiondoa. Mzee hakubishana. Alimjibu: "Franga zako tutakurudishia zote. Lakini kama utakuja, sikia hili: siku yoyote utakayosema hapana, mashua haitatoka. Tutabaki bandarini wote sita."

Alitembea na maneno hayo juma zima. Alimfikiria dada yake. Ni nani aliyewahi kumwambia dada yake kwamba anaweza kusema hapana? Angesema hapana, mama angekula nini Bulengo?

Akapanga vitu vyake, akaenda.

Walipanda ndege Toronto, wakafika Antigua usiku wenye joto na harufu ya chumvi. Mashua ilikuwa inawangojea English Harbour, upande wa kusini wa kisiwa. Nahodha alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na kitu, mzaliwa wa pale, mwenye sauti ndogo. Alizungumza Kiingereza, na mke wa Mrundi alikuwa anatafsiri kwa Kiswahili.

Asubuhi ya kwanza hakugusa tanga wala kamba. Aliwaketisha wote kwenye duara, akampa kila mtu jile yake. Alipita kwa kila mmoja, akavuta mikanda mpaka ikashika vizuri. Kila jile ilikuwa na filimbi. Akawaonyesha pa kushika wakati wa kutembea, redio iko wapi, na mtu akianguka majini wafanye nini: mmoja apige kelele, mmoja anyooshe kidole kwake bila kuondoa macho hata kidogo, mwingine atupe duara la kuelea. Kisha akatoa karatasi, akaandika majina saba, lake la mwisho. Karatasi moja aliiweka ndani ya mashua. Nyingine aliipeleka kwa mtu wa ofisi pale bandarini, akamwambia wanakwenda wapi na watafika saa ngapi.

Kijana wa Minova aliitazama karatasi ile ikienda. Aliomba dakika chache, akashuka, akatembea kidogo kwenye gati peke yake. Hakuna aliyemfuata.

Mpango ulikuwa kuvuka siku ya pili kwenda Barbuda, kisiwa kidogo cha taifa hilohilo, karibu kilomita 50 upande wa kaskazini. Walipoamka, mashua zote bandarini zilikuwa zinapiga mluzi kwa upepo uliopita katika kamba zao. Huko upepo unatoka mashariki karibu mwaka mzima. Ni upepo uleule uliosukuma meli zilizobeba watumwa kutoka Afrika. Kwa kawaida ni upepo mzuri. Siku ile ulikuwa umezidi. Nahodha alisikiliza redio, akatazama simu, akapanda juu ya kilima kidogo kuona bahari. Aliporudi alisema neno moja, na muuguzi akalitafsiri: "Leo hatuondoki."

Mmoja wa ndugu wa Haiti alinung'unika. Siku zilikuwa saba tu, na kila siku ilikuwa imelipiwa. Nahodha akamjibu kwa upole kwamba bahari haijui mumelipa ngapi. Ikakwisha.

Siku hiyo ya kungojea ikawa siku ya kujifunza. Walitembea katika bandari ya zamani, Nelson's Dockyard, ambayo tangu 2016 iko kwenye orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia. Ni majengo ya mawe na matofali, yamepakwa vizuri, yenye maduka na hoteli. Ilikuwa bandari ya kutengenezea meli za vita za Uingereza, na mikono iliyoijenga ni ya Waafrika watumwa. Wajukuu wa watu hao ndio wenye nchi leo. Utumwa ulikomeshwa pale tarehe 1 Agosti 1834, na Antigua na Barbuda ikapata uhuru wake mwaka 1981.

Saa sita waliingia kwa mama mmoja anayeuza chakula kando ya barabara. Aliwaletea sahani yenye donge la manjano, laini, la mviringo. Kijana wa Minova alikata kwa vidole, akaonja, akacheka kwa mara ya kwanza tangu Toronto. Ilikuwa bugali ya mahindi, imechanganywa na bamia. Wenyewe wanaiita funji. Jina hilo linafanana kabisa na lile la Angola, ambako bugali ni funje. Kando yake kulikuwa na mboga za majani zilizopikwa na nyama, kitu kinachofanana na sombe kwa macho, lakini si sombe. Alimwambia yule mama, kupitia muuguzi, kwamba kwao wanakula hiki kila siku. Mama akamwongezea donge la pili bila kuulizwa, kama vile mama yeyote wa Minova angefanya.

Mchana waliwakuta wazee chini ya mti wakicheza bao. Wanaliita warri: mashimo 12, mbegu 48. Kisoro cha kwetu kina mashimo 32 na sheria nyingine, lakini namna ya kuokota mbegu na kuzidondosha moja moja ni ileile. Alicheza mara tatu, akashindwa mara tatu. Wazee walifurahi sana.

Kesho yake upepo ulipungua. Saa moja asubuhi wakaondoka.

Mara tu walipotoka kwenye kinga ya kisiwa, mashua ililala upande mmoja na mawimbi yakaanza kuipiga. Kijana wa Minova alishika chuma kwa mikono miwili mpaka vidole vikawa baridi. Muuguzi alikuwa amempa dawa ya kuzuia kutapika, lakini alitapika hata hivyo, mara mbili. Alifunga macho. Kwa macho yaliyofungwa ilikuwa vibaya zaidi, kwa sababu alisikia sauti. Si sauti za pale.

Nahodha alimpa usukani mzee, akaja kuketi karibu naye. Hakumwambia asiogope. Alimwambia: "Tumetembea saa moja na nusu. Kurudi ni saa moja na nusu. Ukisema turudi, tunageuza sasa hivi, na hakuna mtu atakayekusema." Alirudia hivyo baada ya nusu saa, na tena baada ya nusu saa nyingine, kama muuguzi anayepima homa. Mara ya tatu kijana alijibu: "Twende kidogo kwanza."

Baadaye kidogo nahodha alimwita kwenye usukani. Akamweka mikono pale, akamwonyesha namba kwenye dira, akamwambia aitazame hiyo na tanga, basi. Mtu mwenye kazi mikononi anaogopa kidogo kuliko mtu aliyeketi bure. Aliendesha karibu saa nzima. Hapo ndipo Mrundi alipopiga ile picha. Kucheka kunakoonekana katika picha, alieleza baadaye, kulikuwa kwa sababu mzee alikuwa amelala usingizi na mdomo wazi, na wimbi lilikuwa limemwagia maji mdomoni.

Barbuda ilionekana kwa kuchelewa, kwa sababu ni tambarare. Pahali pake pa juu hapafiki mita 50. Kwanza waliona rangi ya maji ikibadilika, kisha mstari mweupe wa mchanga, mwisho miti. Nahodha alipunguza matanga, akamweka mtu mbele atazame miamba. Walitupa nanga pahali ambapo ungeweza kuona mnyororo ukilala chini kwenye mchanga.

Kisiwa hicho kina kijiji kimoja tu, Codrington. Kinashika jina la familia ya Waingereza iliyokodi kisiwa chote kutoka kwa mfalme wao tangu 1685. Kando ya kijiji kuna bwawa kubwa la maji ya chumvi lenye mikoko, na ndani yake wanaishi maelfu ya ndege weusi wa bahari wenye mabawa marefu. Madume yao yanajaza hewa kwenye koo mpaka inakuwa kama puto jekundu. Watalii wanakuja kuwaona, na ni wenyeji wanaowapeleka kwa boti ndogo.

Mwenye boti alikuwa baba mmoja mnyamavu. Alianza kwa kugawa jile, akahesabu watu. Walipofika kwa ndege akazima mota, akawaacha watazame. Kisha akamwuliza kijana: "Wewe ni wa wapi?" Aliposikia Congo, aliuliza kama ni kule kwenye vita. Akaambiwa ndiyo. Akanyamaza kidogo, halafu akaeleza ya kwao.

Usiku wa tarehe 5 kuamkia 6 Septemba 2017, kimbunga kilichoitwa Irma kilipita juu ya Barbuda na upepo wa zaidi ya kilomita 280 kwa saa. Karibu nyumba zote ziliguswa. Mtoto mdogo mmoja alikufa. Siku mbili baadaye ikasemwa kwamba kimbunga kingine kinakuja, na serikali ikaamuru kila mtu aondoke. Watu karibu 1,800, kisiwa kizima, walivukishwa kwenda Antigua. Wengine walipokelewa na ndugu, wengine walilala kwenye uwanja wa mchezo wa kriketi na majengo mengine ya umma. Kisiwa kilibaki na mbuzi, mbwa na punda.

"Kutuondoa kulikuwa sawa," baba yule alisema. "Kimbunga cha pili kingetumaliza. Shida ilikuwa kurudi." Shule ilikuwa imefungwa, umeme hakuna, maji hakuna. Siku zikawa miezi. Na wakati watu wangali Antigua, mambo ya udongo yakaanza. Tangu utumwa kuisha, watu wa Barbuda walishika udongo wao kwa pamoja: hakuna anayeuza, lakini kila mzaliwa ana haki ya kupata pahali pa kujenga na kulima. Mwaka 2007 desturi hiyo iliandikwa kuwa sheria. Baada ya kimbunga serikali iliigeuza sheria, ikieleza kwamba mtu akiwa na hati yake mwenyewe ataweza kukopa benki na kujenga upya. Wengi wa Barbuda waliona kwamba wananyang'anywa wakati hawapo nyumbani. Walikwenda mahakamani, na kesi zilifika mpaka London, kwenye baraza la mwisho la rufaa.

Kijana wa Minova aliuliza ulizo moja tu: "Uliporudi, ulifanya nini kwanza?"

Baba akafikiri. Alisema kwamba alipata vijiti vinne, akavisimika kwenye pembe nne za nyumba yake isiyokuwapo tena, akavizungushia kamba ya boti. Alilala ndani ya kamba hiyo chini ya turubai, ili mtu yeyote atakayepita aone kwamba hapa pana mwenyewe. Ndege nao walikuwa wametawanyika, aliongeza. Walirudi bila kuulizwa karatasi.

Usiku ule, mashua ikiwa imetulia kwenye nanga, kijana hakulala. Alikuwa na deni ambalo marafiki hawakulijua.

Mwanzoni mwa 2025, vita vilipofika Goma, kambi za wahami zilifungwa na watu wakaambiwa warudi makwao. Mama alirudi Minova kwa miguu na mjukuu wake. Nyumba haikuwa na bati hata moja. Nusu ya shamba ilikuwa imelimwa na mtu mwingine, mhami pia, aliyeshuka kutoka milima ya juu ya Kalehe na watoto watano, na aliyesema kwamba alilipa franga kwa mtu asiyejulikana tena alipo. Tangu hapo mwana alikuwa anamwambia mama yake kwa simu: acha shamba, kodi chumba Bukavu, nitalipa. Alimwambia hivyo kila mwezi, na kila mwezi mama alijibu, "Tutaona, papa." Yeye alidhani ni ukaidi wa uzee. Hakuwahi kumwuliza anataka nini.

Ndiyo maana sauti ya mama ilipofika, ile ya "munalipa franga ili mupande mashua," hakujibu haraka. Walikuwa wamerudi Antigua, siku ya mwisho, wanaosha mashua. Alipiga simu badala ya kutuma sauti.

"Ndiyo, mama. Tunalipa."

"Kwa nini?"

Alimweleza yote, hata kutapika. Alimweleza karatasi yenye majina saba. Alimweleza siku ya upepo na neno la nahodha. Mama alinyamaza muda mrefu, mpaka akadhani simu imekatika. Kisha mama akasema: "Kumbe mashua inaweza kukatazwa kutoka. Mutoto wangu hakupata siku ya kungojea. Angengoja, mimi ningelala na njaa. Mimi ndiye aliyekuwa nangojea, kule Kituku."

Walilia wote wawili, kila mmoja upande wake wa dunia. Ilikuwa mara ya kwanza kulia pamoja tangu Oktoba ile.

Halafu mwana akauliza: "Mama, juu ya shamba. Wewe mwenyewe unataka nini?"

"Nataka kufa nikiwa kwangu," mama alijibu pale pale, kama mtu aliyeshika jibu mkononi siku nyingi. "Na yule baba asifukuzwe kama mbwa. Avune maharagi yake kwanza."

Franga za chumba cha Bukavu zilibadilisha kazi. Bati zilinunuliwa, si nyingi. Mama alienda kwa chifu wa kijiji pamoja na wazee watatu walioijua mipaka tangu wakati wa mume wake. Walipima kwa hatua, wakaonyesha miti ya mpaka iliyobaki, wakapanda mingine pale ilipong'olewa. Baba wa watu watano alikubali kuvuna na kuacha sehemu moja. Sehemu nyingine bado anaishikilia. Shauri halijakwisha. Lakini sasa kuna watu wanaosema mbele ya wengine kwamba shamba lina mwenyewe, na mwenyewe yupo.

Kuhusu ziwa, mwana alituma jile mbili kupitia msafiri aliyekuwa anakuja Goma. Zinaning'inia kwenye mlango wa mama, kando ya jembe. Mtu yeyote wa jirani anayevuka anaweza kuazima, kwa sharti la kurudisha jioni. Jile mbili kwa mtumbwi wa watu kumi na tano ni kidogo sana, na mama anajua. Kwa hiyo akaongeza kitu kisicholipiwa. Siku za soko anashuka kwenye ufuko na mjukuu wake, mtoto wa marehemu, ambaye yuko darasa la tano. Mtoto ana kaye na kalamu. Anaandika jina la kila anayepanda, na mtumbwi unakwenda wapi. Waendesha mitumbwi walikataa kwanza, wakidhani ni mambo ya kodi. Mama aliwaambia maneno machache juu ya Kituku. Tangu hapo hawakatai.

Siku ya soko iliyopita ziwa lilichafuka asubuhi. Watu walikuwa tayari wamepakia, ndizi zilikuwa zinaiva, na wengine walisema kwamba upepo ule ni wa kawaida. Mama alisimama mbele ya mtumbwi na jile mbili mkononi, akasema kwamba hatazitoa bado. Waliongea sana. Mwishowe mwendesha mtumbwi mwenyewe aliketi kwenye jiwe, akawasha sigara.

Waliondoka saa nne, maji yalipotulia. Jioni mtoto alishuka tena na kaye yake, akangojea. Kila mtu aliyekanyaga mchanga, alitia alama kando ya jina lake. Majina yalikuwa 14. Alama zilikuwa 14. Akafunga kaye, akamshika nyanya yake mkono, wakapanda nyumbani kupika.